Makovu Meupe Ndani ya Bakuli

Godlisten alipomwona Euphrasia akiingia dukani kwa mara ya pili wiki ile, aliacha kupanga pakiti za unga na kuweka mikono yote miwili juu ya kaunta, kama mtu anayesubiri kupekuliwa.

"Mama Euphrasia, nimeshakwambia. Sijanunua jiwe. Sijauza jiwe. Hata ukija na pingu."

"Pingu niliziacha Moshi," Euphrasia alisema. "Leo nimekuja kwa ajili ya ulezi."

"Ulezi! Unataka kupika pombe ya mbege hapa Lanham? Utafungwa, halafu nani atawatoa wenzako jela?"

Alicheka peke yake. Euphrasia alifungua daftari lake na kuweka risiti moja juu ya kaunta.

"Hii ilikuwa kwenye mkoba wa Chepkoech. Ya tarehe kumi Januari, imeandikwa kadi ya simu na ulezi. Alinunua unga au punje?"

"Punje."

"Unga ulikuwa umekwisha?"

"Unga ulikuwepo, umejaa, pale pale ulipo sasa. Nilimwonyesha. Akasema mzee wake hautaki, anataka uliosagwa kwa mkono juu ya jiwe, kama zamani alipokuwa Kenya. Nikamwambia, dada, huyo mzungu wako anakudekea."

"Juzi hukuniambia hayo."

"Juzi uliniuliza nimenunua nini na nimeuza nini. Hukuniuliza tuliongea nini."

Ilikuwa kweli. Euphrasia alikuwa amefanya upelelezi katika polisi kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia Maryland na kuajiriwa na wakili Gitau wa Rockville, na bado aliweza kuuliza swali vibaya. Aliandika jibu lote, neno kwa neno.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Chepkoech, mama wa Bomet, Kenya, alikuwa akimtunza mzee Whitcomb nyumbani kwake Rockville. Mzee alifariki mwezi Machi. Binti yake alipomwita mthamini aangalie vitu vya nyumba, mthamini alisema kwamba bakuli la jiwe la kale, ambalo mzee alilileta kutoka Nakuru zaidi ya miaka thelathini iliyopita, silo tena. Ndani lilikuwa na alama nyeupe mpya, na kina chake hakikulingana na kipimo cha karatasi za zamani. Mtu amechukua la kweli na kuweka la bandia. Chepkoech ndiye pekee aliyekuwa na funguo.

Mwezi Juni Chepkoech alikubali kosa mahakamani. Alipewa hukumu ya mwaka mmoja ambayo hangeitumikia ndani, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, akadhani yamekwisha. Mwezi Septemba maofisa wa uhamiaji walibisha mlango wake. Kwa sheria iliyopitishwa miaka miwili nyuma, wizi wenye hukumu ya mwaka mmoja, hata kama hukulala ndani usiku mmoja, ulitosha kumfukuza mtu nchini na kumfungia mlango maisha yake yote.

Ndege yake ilikuwa Ijumaa. Leo ilikuwa Jumanne ya mwezi Novemba, mwaka 1998. Binti yake Jelagat, wa miaka sita, alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki katika hospitali ya mjini. Bomet hakukuwa na mashine hiyo. Mama angekwenda, mtoto angebaki.

"Mliongea nini kingine, wewe na yeye?" Euphrasia aliuliza.

"Aliuliza kama nina jiwe gumu. Nikamwonyesha hawa wanyama wa kuchonga." Godlisten aliinua kinyago cha kiboko cha jiwe la Kisii kutoka dirishani. "Akamkwaruza kwa ukucha, hivi, unga ukatoka. Akacheka. Akasema hii ni sabuni, ndugu yangu, mimi nataka jiwe la kugongea."

"La kugongea nini?"

"Sikumuuliza. Mimi ni mfanyabiashara, si padri."

Euphrasia alifunga daftari. Alikuja hapa mara mbili akidhani huyu ndiye aliyepokea bakuli la wizi, kwa sababu aliuza vinyago vya mawe na risiti yake ilikuwa kwenye mkoba wa mshitakiwa. Sasa aliona mtu mwenye aproni ya unga ambaye alikuwa akimsukumia pakiti ya ulezi.

"Mpelekee Nkatha," Godlisten alisema, akitazama pembeni. "Anayelea mtoto wa mwenzake asinunue uji."

Nkatha alikuwa nesi, jirani wa Chepkoech. Tangu Septemba alikuwa amebadilisha zamu zake zote ili ampeleke Jelagat kwenye mashine.

*

Binti ya marehemu aliitwa Lorraine. Alimfungulia Euphrasia mlango akiwa ameshika kikombe cha kahawa, akamsikiliza akiwa amesimama, kisha akampeleka gerejini.

Bakuli lilikuwa chini, kati ya vyungu vya maua, na ndani yake kulikuwa na mizizi mikavu ya maua ya mwaka jana.

"Polisi wamenirudishia," Lorraine alisema. "Sina haja nalo. Lichukue. Ni kitu cha bandia."

"Nitalirudisha. Mama, kuna picha yoyote ya zamani ya bakuli hili?"

"Mthamini alikuwa nazo mbili."

"Hizo nimeziona. Zote zimepigwa kutoka juu, zinaonyesha ndani. Nataka ya upande wa chini."

Lorraine alifikiri. Alikwenda ndani, akarudi na picha yenye fremu iliyotoka kwenye ukuta wa ukumbini. Kijana wa kizungu amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya mabati, amepakata bakuli likiwa limepinduliwa, kitako juu. Nyuma ya picha palikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino: Nakuru, 1957.

"Huyu ni baba, siku walipolipata. Jirani yake alikuwa akilima kwa trekta, likatoka kwenye mfuo wa jembe."

"Kuna mtu aliyewahi kukuomba picha hii?"

"Hapana."

Lorraine hakuondoka. Alikuwa akitazama bakuli, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Baba aliacha kula tangu Krismasi ile. Daktari alishakata tamaa. Chepkoech alikuja, na baada ya wiki mbili baba akawa anakunywa uji na kunitania kwa simu. Nilimpenda yule mama kuliko ndugu zangu. Ndiyo maana sikwenda mahakamani. Singeweza kumtazama."

Euphrasia aliinama kuinua bakuli, likamshinda. Lilikuwa zito kuliko mtoto wa mwaka mmoja. Lorraine aliweka kikombe chini, akaleta taulo nene la kuogea, safi, akalifunga bakuli mwenyewe, na wakalibeba wote wawili mpaka kwenye gari.

*

Mchana ule ule Euphrasia alilipeleka bakuli kwa Ferdinand, mfagizi katika chuo kimoja cha Annandale. Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na mitatu, alikuwa akichimba na kupepeta udongo kwa ajili ya wataalamu wa mambo ya kale, kwanza kwao Tanzania, kisha Kenya. Mwalimu mmoja wa chuo aliligundua hilo na kumpa meza nyuma ya karakana, ambapo saa ya chakula cha mchana mzee huyo aliwaonyesha wanafunzi jinsi watu wa zamani walivyotengeneza vitu vya mawe.

Alilifungua taulo kwa vidole viwili. Hakulishika bakuli. Alivuta taa ya meza, akaiweka chini kabisa ubavuni, mwanga ukapita juu ya jiwe kama jua la jioni juu ya shamba lililolimwa. Ndani ya bakuli makovu meupe yakasimama, maelfu.

"Mthamini anasema ni la bandia," Euphrasia alisema. "Amesema alama hizi ni mpya."

"Ni mpya kweli. Hazijamaliza mwaka, hazijashika hata uchafu. Lakini umeniuliza swali dogo. Niulize zimepigwa na nini."

"Zimepigwa na nini?"

Ferdinand alichukua kipande cha jiwe jeusi kutoka kwenye ndoo, na kwa mkono mwingine jiwe jeupe la mto, la ukubwa wa yai la bata.

"Watu wanadhani wazee wale walikata mawe. Jiwe gumu namna hii halikatwi, Mama. Linabembelezwa." Akaanza kugonga, tok, tok, tok, bila nguvu, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Unga mwembamba kama majivu ulitoka chini ya jiwe jeupe. "Kila pigo linaponda chembe chache tu. Ukipiga kwa hasira linapasuka, na kazi ya miezi imekufa. Unagonga mpaka umbo litoke. Halafu mchanga na maji, unasugua kwa jiwe jingine, unazungusha, unaongeza maji. Mwisho ngozi na mafuta, ndipo linang'aa."

"Inachukua muda gani?"

"Mimi nilitengeneza moja dogo, nusu ya hili. Nilianza Pasaka nikamaliza karibu na Krismasi. Lakini mimi nafanya saa ya kula." Aliweka mawe chini. "Sasa njoo uone. Patasi ya chuma inaacha mstari, na mara nyingine inaacha rangi yake, kijivu kinachometa. Mashine inaacha miduara iliyofuatana. Unaona mstari?"

Euphrasia aliweka jicho kwenye kioo cha kukuzia. Aliona vishimo vidogo vya mviringo, vimekaribiana kama ngozi ya chungwa.

"Sioni mstari. Wala miduara."

"Kwa sababu zimepigwa kwa jiwe. Jeupe kama langu hili, vijito vyote vya huku vimejaa. Sasa nami nikuulize, wewe ni askari. Mtu anataka kutengeneza bandia, Marekani, mwaka huu. Atagonga kwa jiwe?"

"Ana mashine."

"Ana mashine. Angemaliza asubuhi moja."

Walilipindua bakuli pamoja. Kitako kilikuwa cheusi, laini, kimechoka. Ferdinand alijaribu kwa ukucha, kisha kwa brashi yenye maji. Udongo mwekundu uliojaa kwenye vitundu vya jiwe haukutoka.

"Huu haujapakwa na mtu. Umeganda miaka mingi mno. Hii ndiyo ngozi yake ya kale."

Kando ya kitako palikuwa na kovu refu lililopinda, lenye meno ukingoni kama msumeno. Euphrasia aliweka picha ya Nakuru pembeni. Kovu lilikuwa pale pia, juu ya magoti ya yule kijana.

"Jembe la trekta," Ferdinand alisema. "Lakini makovu mawili yanaweza kufanana. Usiniamini. Hesabu meno yake."

Euphrasia alihesabu kwenye jiwe: saba, na la tano limevunjika. Alihesabu kwenye picha kwa kioo, pole pole, mara mbili. Saba, na la tano limevunjika.

"Hakuna la pili," alisema.

"Halijawahi kuwepo. Bakuli halikubadilishwa. Liliguswa."

"Na kina chake? Ukilinganisha na karatasi za zamani, kimezidi kwa milimita nne."

"Ukigonga na kusagia humo wiki baada ya wiki, chini itashuka." Ferdinand alipitisha kidole juu ya vishimo, vilivyotoka katikati na kupanda kuelekea upande mmoja. "Mama yangu kule Singida aligonga hivi hivi. Jiwe la kusagia likitumika sana linakuwa laini, nafaka inateleza tu. Basi unaligonga upya lipate meno. Kila mwanamke alijua. Aliyefanya hivi amefundishwa na mama yake, na ana mkono mzuri."

Alizima taa.

"Lakini nikwambie ukweli wangu. Humo ndani palikuwa na alama za mikono ya watu wa miaka elfu mbili na zaidi. Ningetoa jicho moja nizione. Sasa hazipo, na hazirudi."

Hata hivyo aliandika maelezo yake yote kwenye karatasi tatu, akaomba radhi kwa mwandiko, akatia sahihi. Mvua ilikuwa imeanza. Alimsindikiza Euphrasia mpaka kwenye gari, mwavuli wote ukiwa juu ya bakuli, yeye mwenyewe akilowa.

*

"Mama, hiyo ni kubwa sana," Gitau alisema kwenye simu. "Enyewe umemaliza kesi. Sikiza sasa. Jaji wa uhamiaji hawezi kutusaidia, yeye haruhusiwi kuuliza kama aliiba ama hakuiba, anaangalia tu karatasi ya korti. Lazima tufute ile hukumu ya Juni. Nimeongea na mwendesha mashtaka, si mtu mbaya. Amesema nikimletea karatasi tatu hatapinga. Ya huyo mzee wa mawe. Ya Lorraine. Na ya Chepkoech mwenyewe, anaapa ya kwamba hakuiba, na kwamba Juni alikubali kosa ambalo si lake."

"Hiyo ya tatu lazima?"

"Hiyo ndiyo mlango. Hizo zingine ni mapazia. Nazitaka zote kesho saa sita mchana. Ikipita hapo sina njia ya kusimamisha ndege."

Lorraine alisoma maelezo ya Ferdinand jioni ile akiwa amesimama jikoni. Alipomaliza, aliingiza mkono ndani ya bakuli na kupapasa vile vishimo kwa ncha za vidole.

"Alisagia humu? Ule uji wa baba?"

"Nadhani hivyo. Kesho nitamuuliza."

"Aliharibu kitu ambacho baba alikipenda kuliko vyote, ili baba ale."

"Ndiyo, Mama."

Lorraine alivuta kiti. Aliandika ukurasa mzima kwa mkono wake, na chini, pale ambapo Gitau hakuomba lolote, aliongeza mistari miwili kwa Chepkoech. Kisha alimkatia Euphrasia kipande cha mkate wenye siagi, kwa sababu aliona kwamba mgeni wake hajala tangu asubuhi.

*

Jumatano saa tatu unusu asubuhi, askari wa jela ya kaunti alipokea karatasi tatu na kalamu, akazipitisha chini ya kioo. Alimletea Euphrasia kiti chenye mto, kile cha pembeni hakikuwa na mguu mmoja.

Chepkoech alikuwa amekonda. Alishika simu ya upande wake kwa mikono miwili.

"Jelagat alikula jana?"

"Alikula. Nkatha alimpikia. Alimaliza mashine bila kulia."

"Asante, Mama. Sema sasa."

"Jiwe la kugongea ulilipata wapi?"

Chepkoech alimtazama kwa muda mrefu.

"Nani amekwambia?"

"Bakuli lenyewe."

Mabega ya Chepkoech yalishuka.

"Kwa kijito, nyuma ya nyumba," alisema. "Mzee alikuwa hali chakula. Siku nne, maji tu. Nikamwuliza, mzee, unataka nini kwa hii dunia? Akasema wimbi, ile nyinyi mnaita ulezi. Si ya pakiti. Kama ile mpishi wake wa Nakuru alikuwa anamsagia. Bakuli lilikuwa hapo kwa meza, karibu na kitanda. Nikajaribu. Wimbi inateleza tu, jiwe limekuwa kama yai. Nikasema, hili limelala, nitaliamsha. Nikagonga siku mbili, akilala nagonga, akiamka naacha. Siku ya tatu akakunywa kikombe nzima. Akacheka, Mama. Alikunywa karibu wiki nane."

"Alijua umegonga?"

"Nilimwonyesha. Halafu akaweka mkono wake kwa mkono wangu, akasema, sasa limefanya kazi tena. Baadaye ndio nikasikia watu wanasema ni kitu ya maana sana, ya watu wa zamani. Nikaogopa. Yeye ameenda, nani ataniamini?"

"Kwa nini hukumwambia wakili uliyepewa na mahakama?"

"Nilimwambia nimeharibu kitu ya marehemu. Alikuwa na haraka, alikuwa na watu wengi. Akaniuliza, utakubali kosa? Akasema nikikubali nitaenda nyumbani leo. Na ilikuwa siku ya mashine. Nikasema ndiyo, kwa sababu nimekosa. Mama, kwetu ukiharibu kitu ya mtu aliyekufa unasimama mbele ya watu wake unasema nimekosa. Hujitetei, huzunguki. Ukishasema, wanakaa chini na wewe, mnaongea, wanakusamehe, mnakula pamoja. Usipokubali kwanza, hawawezi kukusamehe. Nikakubali. Nikageuka kuangalia kama binti ya mzee amekuja." Alitikisa kichwa. "Nilingoja hata nje kwa ngazi."

Euphrasia alinyoosha kidole kuelekea karatasi ya pili.

"Soma chini."

Chepkoech alisoma, midomo yake ikitembea. Alisoma tena. Aliweka paji la uso juu ya karatasi, na simu ikaanguka na kuning'inia kwa waya wake. Alipoishika tena sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu ya msichana.

"Amenisamehe. Anasema atakuja kwangu tupike huo uji pamoja."

"Amekusamehe. Sasa soma ya tatu utie sahihi, nikimbie kwa Gitau. Ukitia sahihi kabla ya saa sita, Ijumaa hupandi ndege."

Chepkoech aliisoma ya tatu mara mbili. Alichukua kalamu, akaishika, akairudisha mezani kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima.

"Hii inataka niape tena."

"Ndiyo. Uape ukweli."

"Juni niliinua mkono. Jaji akaniuliza, unakubali kwa sababu umekosa kweli? Nikasema ndiyo, Mungu anisaidie. Sasa niinue mkono niseme sikukosa?"

"Useme hukuiba. Kuharibu si kuiba, Chepkoech. Kiapo cha kwanza kilikuwa na makosa. Hiki kinakirekebisha."

"Karatasi inasema ni jambo lile lile la Juni." Hakuwa na hasira. Alikuwa akieleza, kama anavyoeleza mtu njia ya kwenda kwao. "Nyanya yangu alikuwa na kaka. Aliapa mara mbili kwa ng'ombe mmoja, mara ya kwanza hivi, mara ya pili vile. Alizika watoto wanne. Nyanya alituambia, viapo viwili vikikutana kwa nyumba moja, vinakula mtoto."

"Wewe ni mtu wa kanisa. Unaimba kwaya."

"Nimeokoka, ndiyo. Na mtoto wangu yuko kwa mashine." Alimtazama Euphrasia machoni. "Kama ni wako, Mama, ungejaribu?"

Euphrasia alikuwa amehoji wezi, wauaji, na mapadri wawili. Alitafuta swali lingine.

"Ukikataa hutamwona tena. Unaelewa? Wamefunga mlango maisha yote. Yeye hawezi kukufuata kule, na wewe huwezi kurudi."

"Naelewa."

"Binti ya mzee amesamehe. Mwendesha mashtaka hapingi. Mzee wa mawe ameapa. Watu wote hawa wamefanya kazi usiku na mchana. Imebaki sahihi yako peke yake."

"Najua. Wamenifanyia wema mwingi, na nitawaombea mmoja mmoja." Machozi yalikuwa yakishuka lakini hakuyafuta. "Nikienda, nitasikia sauti yake kwa simu. Akiwa hai nitaisikia. Nikitia sahihi hii, halafu siku moja mashine ikakataa, nitajua ni mimi. Siwezi, Mama. Usiniulize tena."

Euphrasia aliuliza tena. Aliuliza kwa upole, aliuliza kwa ukali, aliuliza kama mama na kama askari. Alimtaja mchungaji wake, akaahidi kumleta. Chepkoech alisikiliza kila neno kwa heshima na kila mara alitikisa kichwa. Mwishowe alizikusanya karatasi zote tatu, akazilinganisha kingo zake, akazirudisha chini ya kioo pamoja na kalamu. Alibaki na kipande cha chini cha ile ya pili. Alikuwa ameomba ruhusa kwa askari aichane mistari miwili ya Lorraine, na askari alikuwa amegeuka kutazama upande mwingine.

Muda wao uliisha. Askari yule yule alisema, bila kuwatazama, kwamba saa yake huwa inatangulia na wanaweza kuendelea kidogo.

"Una daftari?" Chepkoech aliuliza.

"Ninalo."

"Andika, tafadhali. Ya dawa Nkatha anajua, yeye ni nesi. Andika yale hajui. Analala na taa ya bafu ikiwaka. Asilazimishwe kuvaa soksi nyeupe. Wakimdunga sindano wasimwambie haiumi, atawachukia. Wamwambie hesabu. Anahesabu kwa Kipsigis, na wao wahesabu naye, vile mimi hufanya. Andika vile utasikia."

Euphrasia alifungua ukurasa mpya. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro kumi.

"Akenge," Chepkoech alisema polepole upande wa pili wa kioo. "Aeng'. Somok."

Euphrasia aliandika. Chepkoech alisubiri kila mara kalamu isimame ndipo akaendelea, mpaka wakafika kumi.